Testosteroni ya Sindano: Tofauti Iko Kwenye Mkia na Mafuta

Testosteroni tupu ikiingia kwenye damu, nusu yake huwa imeshaondoka ndani ya muda usiofika saa mbili. Ukiimeza, ini huivunja karibu yote kabla haijafika inakotakiwa. Ndiyo maana dawa zote za testosteroni za kuchoma unazoziona famasi leo, iwe Dar es Salaam, Houston au Muscat, ni majibu tofauti ya swali moja: tuifanyeje homoni hii ikae mwilini?

Nimekuwa nikiishi na swali hili tangu nilipofanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye tezi ya pituitari. Tezi hiyo ndogo iliyo chini ya ubongo ndiyo inayoziamuru korodani kufanya kazi. Ikinyamaza, korodani nazo hunyamaza hata kama ni nzima kabisa. Nilipokuwa Houston nilitumia saipioneti. Niliporudi Dar nikahamia Sustanon. Rafiki yangu wa Reading, Uingereza, mwenye tatizo kama langu, yuko kwenye Nebido. Zote tatu ni testosteroni za kuchoma, na tumelinganisha mambo yetu kwa simu hadi usiku wa manane mara nyingi. Watu wakijua hayo huniuliza: sasa ipi ndiyo nzuri?

Ninachoamini ni hiki. Homoni ni ile ile, kinachotofautiana ni siku. Na huku kwetu wako wanaume wengi wanaoteseka huku dawa wanayo, kwa sababu tu siku zao zimepangwa vibaya.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1935 kundi la Ernst Laqueur kule Amsterdam lilifanikiwa kuitoa testosteroni kwenye korodani za fahali na kuipa jina. Mwaka huo huo Adolf Butenandt nchini Ujerumani na Leopold Ruzicka nchini Uswisi, kila mmoja na watu wake, walionyesha kuwa inaweza kutengenezwa maabara kutokana na kolesteroli. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1939. Lakini kuwa na homoni kwenye chupa hakukutosha, kwa sababu ukimchoma mtu asubuhi, jioni hana kitu.

Wanakemia waliunganisha asidi ya mafuta kwenye kona moja ya molekuli. Kiungo hicho huitwa esta, na mimi hukiita mkia. Testosteroni yenye mkia hupenda mafuta kuliko maji. Ukiiyeyusha kwenye mafuta na kuichoma kwenye msuli, inabaki pale kama akiba, ikitoka kidogo kidogo kuingia kwenye damu. Ikishafika huko, vimeng'enya hukata mkia upesi, na kinachobaki ni testosteroni ile ile ambayo korodani zingetoa. Mkia ukiwa mrefu, akiba inatoka polepole zaidi. Propioneti, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1930, ina mkia wa kaboni tatu tu, na mtu anahitaji sindano kila baada ya siku mbili au tatu. Enantheti ina kaboni saba, saipioneti nane, andekanoeti kumi na moja.

Kwa hiyo mtu akikuambia esta fulani ni "kali" na nyingine ni "laini", muulize ana maana gani. Mwili hauoni mkia, unaona kasi tu.

Kuna jambo moja ambalo hata baadhi ya wauguzi wameniambia hawakuwahi kulifikiria: mkia nao una uzito. Miligramu 100 za enantheti zina testosteroni kama 72 hivi. Saipioneti ina 70, andekanoeti 63, propioneti 84. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye kichupa ni ya homoni pamoja na mkia wake. Mtu akihama kutoka aina moja kwenda nyingine kwa kufuata namba hiyo tu, atakuwa amebadilisha dozi bila kujua. Na mwanaume mzima mwenye afya hutengeneza kati ya miligramu 3 na 10 kwa siku. Kipimo hicho kiweke kichwani, tutakihitaji.

Enantheti na saipioneti sitawapotezea muda nazo. Ni pacha. Kasi zake zinakaribiana kiasi kwamba miongozo ya tiba huziandikia dozi moja: ule wa Chama cha Endokrinolojia cha Marekani, yaani cha wataalamu wa homoni, wa mwaka 2018 unasema miligramu 75 hadi 100 kila wiki, au 150 hadi 200 kila wiki mbili, iwe hii au ile. Saipioneti ni ya Wamarekani zaidi, enantheti ndiyo iliyosambaa kwingineko duniani. Tofauti yenye maana kwa mgonjwa iko kwenye mafuta. Depo-Testosterone, ambayo ndiyo niliyokuwa nikitumia Houston, imeyeyushwa kwenye mafuta ya mbegu za pamba. Enantheti mara nyingi huja kwenye mafuta ya ufuta, na nyingine kwenye ya nyonyo. Sustanon ni mafuta ya karanga, na mtu mwenye mzio wa karanga au soya hapaswi kuigusa. Kwenye nchi ambayo karanga ziko kila kona ya barabara wengi wetu tungeshajijua, lakini swali hilo liulizwe kabla ya sindano ya kwanza. Nimeshakaa kwenye chumba cha sindano ambako halikuulizwa.

Mafuta hayaishii kwenye mzio. Andekanoeti ile ile, ikiwa kwenye mafuta ya nyonyo, nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu yake kuondoka, ni kama siku 34. Ikiwa kwenye mafuta ya mbegu za chai, kama ilivyotengenezwa China, unashuka hadi siku 21 hivi. Mkia haukubadilika hata kaboni moja, kilichobadilika ni mafuta yanayoubeba.

Sasa tuje kwenye Sustanon 250, maana ndiyo inayopatikana zaidi kwetu na ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Ampuli ya mililita moja ina esta nne: propioneti miligramu 30, fenilpropioneti 60, isokaproeti 60 na dekanoeti 100. Ilibuniwa na Organon, kampuni ya Uholanzi, na wazo lilikuwa la busara: mkia mfupi uanze kazi siku hiyo hiyo, wa kati upokee, mrefu umalizie. Ukiisikia hivyo unafikiri damu itakuwa tambarare kwa wiki tatu. Lakini mikia haingoji zamu. Yote minne inaanza kutoka siku moja, ila mifupi inakwisha mapema. Matokeo yake ni mlima mwanzoni na mteremko mrefu baadaye.

Huhitaji kuniamini mimi. Maelezo rasmi ya dawa yenyewe yanasema hivi: baada ya sindano moja, testosteroni ya damu hufika kilele cha takriban 70 nmol/l (kipimo cha wingi wa homoni kwenye damu) ndani ya saa 24 hadi 48, kisha hurudi kwenye mpaka wa chini wa kawaida baada ya siku 21 hivi. Kilele cha mwanaume mzima mwenye afya ni kama 30. Maana yake ni kwamba siku ya pili una zaidi ya mara mbili ya kiwango cha juu kabisa, na siku ya ishirini na moja umefika kwenye sakafu. Na siku hiyo ya ishirini na moja ndiyo maelezo hayo hayo yanayosema uchomwe tena.

Nimeuishi mteremko huo. Siku za mwanzo usingizi haukai, uso unatoa mafuta, chunusi zinatoka mgongoni kwa mtu wa umri wangu, na kila jambo linaonekana linawezekana. Kisha mwishoni mwa wiki ya pili mwili unaanza kuwa mzito, viungo vinauma, hasira ziko karibu, na hamu ya mambo ya chumbani inaondoka bila kuaga. Mke wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona mpangilio. Nilikuwa nikimjibu mtoto kwa sauti isiyo yangu, naye akaniita pembeni: "Baba Salma, si umekaribia sindano?" Aliuliza vivyo hivyo mwezi uliofuata, na alikuwa sahihi tena.

Daktari niliyemwona baadaye hakubadilisha dawa. Aliandika vipimo viwili vya damu badala ya kimoja: cha kwanza siku mbili baada ya sindano, cha pili asubuhi ya siku ya sindano nyingine, kabla ya kuchomwa. Majibu yalipokuja aliyaweka mezani sambamba. La kwanza lilikuwa limepita mpaka wa juu kwa mbali, la pili lilikuwa chini ya mpaka wa chini. "Kaka," akaniambia, "dawa haijashindwa kazi. Inakuishia njiani." Kabla ya hapo nilikuwa nimepimwa katikati ya mzunguko, jibu likawa zuri, nikaambiwa kila kitu kiko sawa na pengine nina msongo wa mawazo.

Hilo linaniumiza hadi leo nikiwafikiria wengine. Mwanaume anatolewa korodani kwa ajili ya saratani, au anazaliwa na kromosomu ya X ya ziada, ile hali inayoitwa sindromu ya Klinefelter, anaandikiwa ampuli moja kwa mwezi, wiki mbili anaishi na wiki mbili anajikokota, halafu yeye na nyumba yake wanaamini kuwa ndiyo tabia yake. Anaitwa mvivu. Anaitwa mkali. Na yote hayo ni hesabu ya kugawanya tu.

Tuifanye hesabu yenyewe. Ampuli ya Sustanon, ukiondoa mikia yote, ina testosteroni kama miligramu 176. Gawanya kwa siku 21, unapata 8.4 kwa siku. Iko ndani ya kile ambacho mwili hutengeneza. Gawanya kwa siku 28, ni 6.3, na bado inaonekana nzuri kwenye karatasi. Wastani haukosei, ila hakuna mtu anayeishi kwenye wastani. Mwaka 1980 Peter Snyder na Donald Lawrence walilinganisha jambo hili hili kwa enantheti kwa wanaume ambao korodani zao zilikuwa zimeshindwa: miligramu 100 kila wiki, 200 kila wiki mbili, 300 kila wiki tatu, 400 kila wiki nne. Jumla ni ile ile. Kadiri sindano zilivyoachana, ndivyo kilele kilivyopanda na bonde likazidi kwenda chini, na ile ya wiki nne haikutosha kuifanya pituitari iache kupaza amri zake kwa korodani zisizoitikia. Zaidi ya miaka 40 imepita, na bado naona kadi za kliniki zilizoandikwa "kila mwezi".

Ukiniuliza basi, saipioneti ya kila wiki ya Houston ndiyo iliyonipa maisha ya kawaida kuliko zote. Kichupa cha glasi chenye kifuniko cha mpira, mililita kumi, miligramu 200 kwa kila mililita. Ijumaa jioni nilikuwa nakishika kiganjani kwanza ili mafuta yapate joto yalegee, kisha nayavuta kwa sindano nene ya waridi, nabadilisha naweka nyembamba ya bluu, nachoma upande wa nje wa paja, polepole. Ukivuta kwa sindano nyembamba utakaa hapo hadi mkono uume. Ukichoma kwa ile nene utajutia. Kichupa kikipoa sana chembe za dawa huganda kama chumvi chini, unakipasha joto na kukitikisa zinayeyuka. Sikuwahi kujua siku ya sindano kwa kujisikia vibaya, niliijua kwa kalenda tu.

Rafiki yangu wa Reading ana maoni tofauti, na ana haki yake. Nebido ni andekanoeti, miligramu 1000 kwenye mililita 4 za mafuta ya nyonyo. Unachomwa ya kwanza, ya pili baada ya wiki sita, halafu kila baada ya wiki 10 hadi 14. Ukitoa mkia unabaki na miligramu 631, ambazo zikigawanywa kwa wiki 12 ni 7.5 kwa siku, na zinatoka kwa utulivu kuliko sindano nyingine yoyote ninayoijua. Yeye anasafiri kikazi, anachukia sindano, na kuchomwa mara nne au tano kwa mwaka kumemfanya asahau kwamba ni mgonjwa. Alikwenda Hija bila kubeba kitu chochote. (Kwa wanaouliza kuhusu Ramadhani: Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Jeddah mwaka 1997 liliamua kwamba sindano ya dawa ya ngozi, msuli au mshipa, isiyo ya lishe, haibatilishi saumu. Hata hivyo mimi nilikuwa nachoma baada ya kufuturu, moyo wangu ulipenda hivyo.)

Lakini mililita nne za mafuta mazito kwenye tako si jambo dogo. Zinachomwa taratibu, kwa dakika mbili hivi, na mtu aliyefundishwa. Mara chache matone ya mafuta huingia kwenye mshipa na kufika mapafuni, na mgonjwa anaanza kukohoa, kukosa pumzi, kifua kubana, pengine hadi kuzirai. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya mzio mkali unaoweza kutokea, Marekani ilipoidhinisha andekanoeti ya sindano mwaka 2014 kwa jina la Aveed, dozi yake ikiwa miligramu 750, iliweka sharti kwamba mgonjwa abaki kituoni dakika 30 baada ya kila sindano. Kama utachomwa Nebido popote, usikimbilie daladala. Kaa.

La pili: ikishaingia haitoki. Ukipata tatizo, damu ikiwa nzito kupita kiasi au tezi dume ikileta shida, mtu wa sindano ya kila wiki anaacha na baada ya wiki chache yuko huru. Wa Nebido anasubiri miezi. Kwa anayeanza tiba, hasa mtu mzima wa miaka 60 na kuendelea, mimi ningeanza na mkia mfupi, nione mwili unasemaje, ndipo nihamie mrefu. Mimi mwenyewe huku sijaipata Nebido kirahisi, kwa hiyo mjadala wangu na rafiki yangu umebaki wa simu.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaijui: enantheti na saipioneti zinaweza kuchomwa chini ya ngozi badala ya ndani ya msuli. Mwaka 2006 daktari wa Oman, Al-Futaisi, na wenzake walichapisha kwenye Saudi Medical Journal ripoti ya wagonjwa wachache waliochomwa enantheti chini ya ngozi kila wiki, kwa dozi ndogo, na viwango vyao vilikaa vizuri. Baada ya hapo zikaja tafiti nyingine, zikiwemo za wanaume waliobadili jinsia huko Marekani, na mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikaidhinisha Xyosted, kalamu ya enantheti ya kujichoma tumboni kila wiki. Inakuja na onyo zito kwamba inaweza kupandisha shinikizo la damu. Sindano inayotumika ni ndogo kama ya insulini au kubwa kidogo tu, na mtu hahitaji nesi. Kwa mgonjwa anayekaa mbali na kituo cha afya, hili lina uzito kuliko mjadala wote wa esta.

Sasa damu. Testosteroni huchochea uboho kutengeneza chembe nyekundu, na sindano zenye vilele virefu hufanya hivyo zaidi kuliko jeli ya kupaka. Kipimo kinachotazamwa ni hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu. Mwongozo wa Marekani nilioutaja unataka ipimwe kabla ya kuanza, baada ya miezi mitatu hadi sita, kisha kila mwaka. Ikipita asilimia 54, tiba inasimama hadi ishuke. Na usidhani Nebido inakuepusha kwa kuwa ni tulivu. Kwenye utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2021, wanaume 1,007 waliokuwa kwenye hatari ya kisukari walipewa ama andekanoeti ya sindano ama dawa bandia kwa miaka miwili. Kisukari kilipungua kwa waliopata homoni, lakini asilimia 22 ya hao walifika hematokriti ya 54 au zaidi. Kwa wasomaji wa Nairobi, Eldoret na Mbeya kuna jambo la ziada: watu wa nyanda za juu wana chembe nyingi tangu mwanzo, na mwongozo huo unaruhusu mpaka wa hematokriti wa kuanzia tiba uwe asilimia 50 kwao badala ya 48. Mwambie daktari unakoishi.

Kuhusu moyo, utafiti mkubwa uitwao TRAVERSE, wenye wanaume zaidi ya 5,000, ulitoa majibu mwaka 2023. Mashambulizi ya moyo na kiharusi havikuongezeka ukilinganisha na waliopewa dawa bandia, ila mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na madonge ya damu mapafuni vilionekana zaidi. Mara nyingi husomwa kana kwamba unaihusu kila testosteroni. Ulitumia jeli. Mtu anayepanda hadi 70 nmol/l kila wiki tatu asijifunike na majibu ya jeli.

Nimeacha jambo zito kuliko yote hadi hapa kwa sababu linahitaji nafasi yake. Testosteroni ya kuchoma, iwe ya mkia wowote, huzuia uzazi. Pituitari ikiona homoni imejaa kwenye damu inaacha kutuma amri zake mbili, LH na FSH, na korodani bila amri hizo zinaacha kutengeneza mbegu. Si jambo la kubahatisha. Shirika la Afya Duniani lilijaribu enantheti, miligramu 200 kila wiki, kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume wenye afya, na majibu yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kuwa wengi wao mbegu ziliisha kabisa. Wakiacha, mbegu hurudi kwa walio wengi, lakini ni kwa miezi, na wengine hadi mwaka au zaidi.

Tazama sasa kinachotokea kwetu. Kijana ameoa miaka mitatu, mtoto hajapatikana, nguvu zimepungua, anaambiwa na mtu wa jimu au wa duka la dawa kwamba akachome Sustanon, "homoni za kiume". Nguvu zinapanda. Mkewe anafurahi. Na mlango wa mtoto umefungwa wakati huo huo, kwa dawa ile ile aliyodhani ingeufungua. Ndugu yangu, kama unatafuta mtoto, usiguse sindano hizi kabla ya kupima mbegu na kuonana na daktari wa homoni. Kwa sisi ambao tatizo liko kwenye pituitari zipo sindano nyingine, hCG na FSH, ambazo huziamsha korodani zifanye kazi zenyewe. Ni za gharama na zinahitaji uvumilivu, lakini ndizo zinazoleta mtoto.

Za jimu sizijadili zaidi. Asiyekuwa na upungufu uliothibitishwa kwa vipimo viwili vya asubuhi, kabla ya kula, hana cha kutafuta humu. Mwanamichezo wa mashindano ajue kuwa imepigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, na hata mgonjwa wa kweli anahitaji kibali maalumu kwanza. Na ampuli inayouzwa mkononi bila karatasi huenda ikawa mafuta ya kupikia tu. Nunua kwenye famasi iliyosajiliwa, utazame namba ya toleo na tarehe.

Nirudi kwenye siku, maana ndiko kulikobaki kazi. Mtu atasema: kama wiki tatu ni ndefu, si tuchome Sustanon kila wiki mbili? Hesabu inakataa. Miligramu 176 kwa siku 14 ni 12.6 kwa siku, juu ya kile ambacho mwili wowote hutengeneza, na hematokriti itakujibu. Kinachofaa ni dozi ndogo kwa siku chache. Na hapo ndipo tunapogonga ukuta: Sustanon yetu ni ampuli ya glasi. Ukishaivunja shingo huwezi kuifunga. Kichupa changu cha Houston kilikuwa na mpira na kihifadhi, nilitoboa nikavuta kiasi nilichotaka, nikakirudisha kabatini. Ampuli inakulazimisha uchome yote au utupe. Kuiacha wazi hadi wiki ijayo, au kuhifadhi nusu kwenye sirinji, ni kuchezea jipu kwenye msuli.

Mimi na daktari wangu tulichagua kutupa. Nachoma nusu ampuli kila siku kumi, ambayo ni kama miligramu 8.8 kwa siku, na nusu nyingine inaingia kwenye boksi la takataka kali. Mabonde yamejaa, vilele vimeshuka, hematokriti imetulia, na Mama Salma ameacha kuniuliza kuhusu kalenda. Ila kila mara nalipia dawa mara mbili ya ile ninayotumia, na najua si kila mtu anaweza.

Wakati mmoja iliwahi kuuzwa Sustanon 100, ampuli yenye esta tatu tu. Saipioneti ya miligramu 100 kwa mililita bado inatengenezwa. Enantheti ya miligramu 200 imekuwamo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Waagizaji wa dawa wa Dar, Mombasa na Nairobi wanaosoma hapa, ninachowaomba ni vichupa vyenye kifuniko cha mpira, au ampuli ndogo. Na kwa madaktari: mnapoandika kipimo cha testosteroni, andikeni kwenye fomu tarehe ya sindano ya mwisho na aina ya esta. Kwa sindano za kila wiki au mbili damu itolewe katikati, kwa Nebido itolewe mwisho wa kipindi, na kwa mgonjwa wa Sustanon anayelalamika, itolewe mara mbili, kileleni na bondeni.